Cheti cha Kakao na Vanila: Kimetoka Wapi, na ni cha Nani?

Ndugu msomaji, kama wewe ni mkulima wa kakao huko Kyela, Rungwe au Mvomero, ama una mashina machache ya vanila kibanjani kwako kule Bukoba au Muleba, basi neno "cheti" si geni masikioni mwako. Mnunuzi anafika kijijini na makaratasi. Mnaitwa shuleni, mnakaa chini ya mwembe, mnaambiwa msinyunyize dawa za dukani, msichome moto shambani, msikate miti ya kivuli, watoto waende shule badala ya kubeba magunia, na kila jambo liandikwe. Mkiyafanya hayo mtapata cheti, na mazao yenu yatauzwa kwa bei ya nyongeza.

Katika mkutano mmoja wa namna hiyo, mimi nikiwa bwana shamba mpya ambaye hata viatu vyangu vya mvua vilikuwa bado vinang'aa, mzee mmoja aliinua mkono akaniuliza: "Mwanangu bwana shamba, hicho cheti kitaandikwa jina la nani?" Nikamjibu bila kufikiri, "La kwenu, mzee wangu." Nilimjibu vibaya. Ilinichukua miaka kadhaa kujua nilivyomjibu vibaya, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Swali la yule mzee lina historia ndefu kuliko mimi na yeye tulivyodhani.

Hebu turudi nyuma, mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati huo kiwanda cha Cadbury cha Uingereza kilikuwa kikinunua karibu nusu ya kakao yake kutoka visiwa vya São Tomé na Príncipe, vilivyotawaliwa na Wareno. Waliofanya kazi katika mashamba yale walikuwa Waafrika walioletwa kwa meli kutoka Angola. Kwa karatasi, kila mmoja wao alikuwa mfanyakazi huru aliyekubali mkataba wa miaka mitano. Kwa kweli walikuwa wamenunuliwa huko bara, wakafungwa minyororo, na mkataba ulipokwisha hawakurudishwa kwao. Mwandishi wa habari Henry Nevinson alikwenda kujionea kati ya mwaka 1904 na 1905, akayaandika. Wenye kiwanda walikuwa watu wa dini waliojivunia kupinga utumwa, na habari zile zilikuwa zimewafikia tangu mwaka 1901. Hata hivyo waliendelea kununua huku wakiandikiana barua na serikali. Ni mwezi Machi 1909 ndipo Cadbury, pamoja na Fry na Rowntree, walipotangaza kuacha kununua kakao ya visiwa vile.

Kabla ya hapo gazeti moja la London, Standard, lilikuwa limewasema kuwa ni wanafiki. Cadbury wakalishtaki. Mwezi Desemba 1909 mahakama ilikubali kwamba walikashifiwa, lakini fidia waliyopewa ilikuwa farthing moja, yaani robo ya peni. Nadhani wazee wa baraza lile walijua walichokuwa wanasema.

Nimeanza na habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, hapo ndipo wanunuzi wakubwa wa kakao walipolazimishwa kuuliza hadharani: zao hili limelimwaje, na limelimwa na nani? Swali hilo ndilo mama wa vyeti vyote tunavyovisikia leo. Pili, angalia kwamba karatasi zilikuwapo! Mkataba ulikuwapo, mhuri ulikuwapo, sahihi ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa pembeni wa kwenda shambani na kutazama.

Soko lile lililoachwa na visiwa likahamia kwa wakulima wadogo wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Huko fundi mmoja, Tetteh Quarshie, alikuwa ameleta mbegu za kakao mwaka 1879 kutoka kisiwa cha Fernando Po, na kufika mwaka 1911 nchi ile ilikuwa inaongoza duniani, kwa jasho la familia zenye mashamba yao wenyewe. Lakini usidhani mnunuzi akiuliza vizuri basi atalipa vizuri. Mwaka 1937 makampuni ya Ulaya yaliyonunua kakao Gold Coast yalipatana kwa siri juu ya bei na mgao wa mazao, na Cadbury wale wale wa mwaka 1909 walikuwa miongoni mwao. Wakulima walipogundua, waligoma kuuza kuanzia Oktoba 1937 hadi Aprili 1938, wengine wakachoma magunia yao. Serikali ya kikoloni ikalazimika kuunda tume.

Tuviache visiwa na Gold Coast, tutazame karatasi yenyewe. Cheti cha kilimo kama tunavyokijua kilianzia Ulaya miongoni mwa wakulima wenyewe. Alama ya Demeter iliandikishwa Ujerumani mwaka 1928 na wakulima waliokataa mbolea za viwandani. Uingereza chama cha Soil Association kiliundwa mwaka 1946. Mwaka 1972 vyama vya namna hiyo vilikutana Versailles, Ufaransa, vikaunda shirikisho lao la kimataifa, IFOAM. Wote hao walikuwa wakikaguana: jirani anamtembelea jirani, anatazama ghala, anaonja udongo karibu, wanakubaliana. Kisha walaji wakawa wengi, wadanganyifu nao wakazuka, na mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya ikatunga kanuni namba 2092/91. Kuanzia hapo neno "hai" kwenye chakula likawa neno la kisheria. Anayetaka kulitumia sharti akaguliwe kila mwaka na shirika lililoidhinishwa, lisilo lake wala la mnunuzi.

Sheria hiyo ilimfaa mkulima wa Ujerumani mwenye hekta 60. Sasa mchukue mkulima wetu mwenye ekari mbili za kakao chini ya migomba na miparachichi. Mkaguzi apande ndege kutoka Uswisi, alale hoteli, akodi gari, aje atazame ekari mbili? Gharama ya safari moja ingekula mavuno yake ya miaka.

Waliotupatia njia si wataalamu wa Ulaya. Ni wakulima wadogo wa kahawa wa Mexico, wakiwamo wale wa ushirika wa UCIRI katika jimbo la Oaxaca, ambao mwaka 1988 ndio walioanzisha pamoja na Waholanzi alama ya biashara ya haki iitwayo Max Havelaar. Vikundi vya huko, katika miaka ya 1980, vilisema: sisi tutajikagua wenyewe, shamba kwa shamba, kila mwaka, kwa daftari, nyinyi mje kukagua kama ukaguzi wetu ni wa kweli. Huo ndio unaoitwa mfumo wa ukaguzi wa ndani. Chama kinachagua wakaguzi wake, kila mwanachama ana faili lenye ramani ya shamba, kuna kamati ya kuwaadhibu wakosaji, na mkaguzi wa nje anachagua baadhi ya wakulima bila kuwaambia mapema, anawalinganisha na daftari. Kwa muda mrefu desturi ilikuwa kuchukua kipeo cha pili cha idadi ya wanachama. Wakiwa 400, anatembelea 20. Wakiwa 1,600, anatembelea 40. Mmoja akikutwa ameficha dawa chini ya uvungu na daftari linasema hana kosa, wanaotiliwa shaka ni wote 1,600.

Nakuomba ushike neno moja hapo: chama kinachagua. Maana lilipofika kwetu, neno hilo lilidondoka njiani.

Afrika Mashariki mambo haya yalishika kasi katikati ya miaka ya 1990, Sweden ilipofadhili mpango wa kuuza nje mazao ya kilimo hai, ulioitwa EPOPA. Ulianzia Uganda, ukaingia Tanzania, ukamalizika mwaka 2008. Nisieleweke vibaya, mpango ule ulifanya kazi kubwa. Wilaya ya Bundibugyo, magharibi mwa Uganda chini ya milima ya Rwenzori, ilikuwa imetoka katika vita vya waasi vilivyowakimbiza watu makambini. Miti ya kakao ilibaki, watu wakarudi, na kakao yao pamoja na vanila vikauzwa Ulaya kwa alama ya hai. Kwetu, Kyela na Rungwe zilipata vyeti vya kakao, na vanila ya Kagera nayo ikaingia. Tanzania ikapata shirika lake la kutoa vyeti, TanCert, mwaka 2003, na mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikapitisha kiwango chake cha mazao ya hai pamoja na alama ya Kilimohai.

Lakini nani angelipia ukaguzi? Vyama vya ushirika vilikuwa hoi wakati ule, vingine vimefilisika, vingine viongozi wamekimbia na fedha. Mwenye mtaji alikuwa msafirishaji. Kwa hiyo katika sehemu nyingi kampuni ya ununuzi ndiyo iliyoajiri wakaguzi wa ndani, ndiyo iliyochora ramani, ndiyo iliyotunza mafaili, ndiyo iliyolipa shirika la ukaguzi. Na kwa kuwa ndiyo iliyolipa, cheti kiliandikwa jina lake. Mkulima alikuwa namba katika orodha iliyoambatanishwa nyuma. Kakao yake ilikuwa "ya hai" ikiuzwa kwa kampuni ile. Ikiuzwa kwa mwingine, hata siku hiyo hiyo, gunia hilo hilo, ilikuwa kakao tu. Haikuwa kinyume cha sheria, na wala sisemi kampuni zote zilikuwa na nia mbaya. Ndivyo kamba ilivyofungwa.

Hapa niseme kidogo juu ya vanila, maana wakulima wa vanila wanalielewa jambo la umiliki kuliko sisi wa kakao. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha. Njia ya kulichavusha kwa kijiti kidogo na kidole gumba iligunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius. Biashara yote ya vanila ya Madagascar, Uganda na Kagera imesimama juu ya kidole cha mtoto yule, naye alikufa maskini mwaka 1880. Baada ya kuchavusha, mkulima husubiri miezi kama tisa, na wezi nao wanasubiri. Ndiyo sababu huko Madagascar, na hata penginepo, mkulima huchoma alama yake kwa pini kwenye tunda likiwa bado bichi. Tunda likikua, alama inakua nalo. Likikaushwa, alama inabaki. Hicho ni cheti kisichohama na mnunuzi.

Vanila pia ilitufundisha kwamba cheti hakizuii bei kuanguka. Kimbunga Hudah kilipiga Madagascar mwezi Aprili 2000, vanila ikaadimika, na mwaka 2003 bei ya kilo moja kavu ikapita dola 400. Watu wakang'oa kahawa wakapanda vanila. Viwanda navyo vikakimbilia ladha ya kutengeneza maabara, na kufika mwaka 2005 kilo ilikuwa chini ya dola 100. Mwenye cheti na asiye nacho walilia pamoja.

Sasa nirudi kwa mzee wangu wa chini ya mwembe. Kijiji sitakitaja wala mkoa. Wakulima wale walifanya kila walichoambiwa. Walipalilia kwa mkono katika mvua ambayo magugu yake hurudi kabla hujafika mwisho wa shamba. Walivundika mbegu siku sita ndani ya masanduku na majani ya migomba, wakaacha kuanika kando ya lami, wakatupa mifuko ya mbolea waliyozoea kutilia kakao. Walikaa miaka mitatu ya mpito, maana kwa mazao ya kudumu sheria inataka miezi 36 tangu dawa ya mwisho hadi mavuno ya kwanza ya hai. Wakapata misimu kadhaa ya bei ya nyongeza. Kisha msimu mmoja kampuni haikufungua kituo. Hapakuwa na ugomvi. Barua ilisema tu kwamba biashara imebadilika.

Mzee alinijia ofisini na wenzake wawili. "Bwana shamba, tumepata mnunuzi mwingine. Anataka cheti chetu." Nikapiga simu. Nikaambiwa kwa adabu kabisa kwamba cheti ni mali ya kampuni, ramani ni mali ya kampuni, na mafaili ya ukaguzi yako makao makuu na hayatolewi. Nikaiweka simu chini. Mzee alikuwa ananitazama, akasema taratibu, "Nilikuuliza siku ile." Basi. Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Ndugu msomaji, kanuni imebadilika tangu wakati ule. Kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya ya mazao ya hai, namba 2018/848, ilianza kutumika Januari 2022, na nchi za nje zikapewa muda wa kujirekebisha. Inasema kikundi cha wakulima lazima kiwe chombo chenye usajili wa kisheria, wanachama wake wawe wakulima wenyewe wa eneo lililo karibu, wenye mashamba yasiyozidi hekta 5 au mauzo madogo ya mazao ya hai, wasizidi 2,000, na wawe na utaratibu wa kuuza pamoja. Kwa maneno mengine, orodha ya majina nyuma ya cheti cha kampuni haitoshi tena. Ukaguzi nao umekazwa: badala ya kipeo cha pili, sasa ni asilimia 5 ya wanachama, na si chini ya 10. Kile kikundi cha watu 1,600 kilichotembelewa mashamba 40 sasa kitatembelewa 80, na gharama inapanda.

Wengi walilalamika, na wana haki. Kikundi cha watu 6,000 kinalazimika kugawanyika katika vikundi vitatu au zaidi, kila kimoja na ofisi yake, meneja wake na ada yake. Mimi mwenyewe naona Ulaya imetutwisha mzigo bila kutuuliza. Lakini ndani ya mzigo huo limo jibu la swali la mzee, na hilo silidharau. Vyama vya msingi, AMCOS, ambavyo tunavyo tayari katika sehemu za kakao, vimesajiliwa. Vinaweza kushika cheti kwa jina lao, ilimradi ghala litenganishe kakao ya hai na isiyo ya hai. Zikichanganyika gunia moja tu, kazi ya mwaka mzima imekwisha.

Na faida je? Tuhesabu bila kudanganyana. Rainforest Alliance, waliounganishwa na UTZ mwaka 2018, waliweka kuanzia Julai 2022 kwamba mnunuzi alipe nyongeza isiyopungua dola 70 kwa tani ya kakao. Mkulima wa kilo 300 atapata dola 21. Biashara ya haki, Fairtrade, tangu mwaka 2019 malipo yake ya ziada kwa kakao ni dola 240 kwa tani, na hayo huingia kwenye chama, siyo mfukoni. Kwa kilo zile 300 ni dola 72. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipopita dola 10,000 kwa tani, vijana walinicheka waziwazi: "Afisa, dola 21 za nini?" Wakaacha kuandika madaftari. Mwaka 2025 bei ikaporomoka, na baadhi yao walirudi kuniulizia fomu.

Tena ipo kanuni nyingine ya Ulaya ya mwaka 2023, inayodai kakao na kahawa zisitoke katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na shamba lioneshwe mahali lilipo kwa vipimo vya setilaiti. Kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja. Vanila haimo katika orodha hiyo, lakini kahawa iliyo kibanja kimoja nayo imo. Vipimo vya shamba lako vitachukuliwa na mtu fulani mwenye simu. Muulize vinakwenda wapi, na uombe nakala.

Kikundi cha mzee kilijisajili. Kilichowasumbua ni kuthibitisha miaka iliyopita. Mkaguzi mpya alitaka ushahidi kwamba mashamba hayakuguswa na dawa, na ushahidi ulikuwa makao makuu ya watu wengine. Tukapita nyumba kwa nyumba kutafuta chochote. Kaya 41 zilikuwa na kumbukumbu zao. Bibi mmoja, mjane, alitoa daftari la shule la mjukuu wake, nusu ya kwanza hesabu za darasa la tatu, nusu ya pili tarehe za kupalilia, kuvuna na kuvundika za misimu minne, na stakabadhi za kituo zimebandikwa kwa ugali. Mkaguzi alikaa na daftari lile karibu saa nzima, kisha akaomba apelekwe shambani. Kaya zile 41 zilipita mwaka huo huo. Zilizobaki, na ya mzee ikiwamo, zilianza upya kuhesabu miezi 36.